PC-Write: programu ya dola 10 iliyoshindana na ya dola 495

Leo mtu anayetaka kuandika barua kwenye kompyuta, au ordinateri kama wengi wanavyosema huku, hafikirii sana bei ya programu. Anafungua mashini, anaandika, anachapisha. Lakini miaka 40 iliyopita haikuwa hivyo. Mtu aliweza kuwa na kompyuta mezani na bado akakosa chombo cha kuandikia.

Kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi mwezi wa nane mwaka 1981. Ndani ya mfumo wake kulikuwa na kiandikio kidogo kilichoitwa EDLIN. Hicho kilirekebisha maandishi mstari mmoja mmoja, kwa kutaja namba ya mstari. Kuandika ripoti ya kurasa tano kwa njia hiyo ni sawa na kulima shamba kwa kijiko.

Aliyetaka kitu bora alinunua WordStar ya kampuni ya MicroPro, iliyokuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. WordStar ilionyesha kwenye kioo mahali ukurasa unapoishia, na waandishi wengi waliipenda. Tatizo lilikuwa bei: dola 495. Mwalimu, mwanafunzi au shirika dogo la kijiji wangezitoa wapi?

Ni hapo anapoingia Bob Wallace. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa Microsoft, na anaonekana katika ile picha maarufu ya mwaka 1978 yenye watu 11 tu. Mwaka 1983 aliacha kazi hiyo, akaanzisha kampuni yake Quicksoft mjini Seattle, Marekani, akatengeneza PC-Write.

Disketi yake iliuzwa dola 10. Aliyeinunua aliruhusiwa kuinakili na kumpa jirani, naye jirani akampa mwingine. Aliyeridhika aliombwa kujiandikisha kwa dola 75, akapewa kitabu cha maelezo, msaada na namba yake mwenyewe. Namba hiyo ilikuwa na faida: kama mtu aliyepata nakala yako naye alijiandikisha, Quicksoft ilikutumia dola 25. Kwa hiyo watu watatu wakijiandikisha kupitia nakala yako, dola zako 75 zimerudi.

Wallace hakuwa wa kwanza kuamini watu namna hiyo. Mwaka 1982, Andrew Fluegelman na programu yake PC-Talk, pamoja na Jim Knopf na PC-File, walikuwa wamekwisha kugawa programu na kuomba malipo kwa hiari. Wallace aliongeza zawadi kwa yule anayegawa. Wakati kampuni nyingine zilikuwa zinaweka kufuli kwenye disketi ili zisinakiliwe, yeye alimgeuza mwenye kunakili kuwa muuzaji wake.

Je, programu yenyewe ilifaa? Tuipime bila upendeleo. PC-Write ilikuwa na mwendo wa haraka, kwa sababu faili nzima ilikaa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, haikungoja disketi izunguke. Lakini faida hiyo ilileta udhaifu: faili moja haikuweza kupita herufi 60,000 hivi, yaani kama kurasa 30. Mwenye kuandika kitabu alilazimika kukikata vipande. Tena, kazi ya kuandika na kazi ya kuchapisha zilifanywa na programu mbili tofauti, kwa hiyo anayeanza alihitaji kusoma maelezo kwa uvumilivu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakulitazama wakati ule. WordStar ilikuwa inabadilisha herufi ya mwisho ya maneno kwa alama zake za ndani. Faili yake ikifunguliwa na programu nyingine, maneno yalitoka na mikia ya ajabu. PC-Write iliandika maandishi ya kawaida, yenye alama chache tu. Barua iliyoandikwa nayo mwaka 1985 bado inasomeka leo kwenye kompyuta yoyote, hata kama PC-Write yenyewe haipo tena mezani.

Miaka ya 1990, Windows na Microsoft Word zilitawala soko, na programu hizi za zamani zikasahaulika. Wallace alifariki mwaka 2002.

Historia hii inawagusa pia familia zilizohama makwao na kamati zinazotunza majina, vyeti na barua kwenye flashi. Kabla ya kuchagua programu, bei si swali la pekee. Inafaa kuuliza: je, inaenda vizuri kwenye mashini ya zamani? Mwenzangu anaruhusiwa kunakili? Na orodha hii itafunguka baada ya miaka 10, kwenye mashini ya mtu mwingine? Siku hizi kuna LibreOffice ambayo hailipiwi, na kila kompyuta inaweza kuhifadhi maandishi ya kawaida. Orodha ya majina ya kijiji haihitaji mapambo. Inahitaji kusomeka siku watu watakaporudi.