GPA ya BSc inavyohesabiwa, na kozi moja iliyonigharimu

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa hapa Nzuguni wananiuliza maswali yale yale: BSc ni miaka mingapi, GPA ni nini, apa sekondi inapatikanaje? Leo nayajibu kwa mkupuo, maana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, naye anaanza chuo na sitaki arudie kosa langu. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe usiogope, hesabu zake ni nyepesi.

KUINGIA

Dodoma tuna bahati. UDOM na St. John's vyote vilianza mwaka 2007. Kabla ya hapo wengi wa huku waliotaka BSc walifunga safari kwenda Mlimani, ambako Kitivo cha Sayansi kilianza 1965, au Sokoine pale Morogoro.

Kiwango cha chini cha TCU kwa mtu wa kidato cha sita ni prinsipo mbili, kwenye masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini tu, kozi nyingine zinataka zaidi. Tangu 2017 unaomba moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja, unathibitisha chuo kimoja. Usisahau kuthibitisha, utabaki nyumbani huku una sifa zote.

MIAKA MITATU

BSc nyingi za kwetu, kama za fizikia, kemia, baiolojia na hesabu, ni miaka 3. Uhandisi ni 4. Wakenya wa mfumo wa 8-4-4 walisoma 4 kwa sababu hawakuwa na kidato cha tano na sita. Afrika Kusini ni 3, halafu kuna mwaka wa nne wa peke yake unaoitwa Honours kwa wanaotaka kuendelea. Huko ukiharibu mwanzoni lakini ukaruhusiwa kuingia mwaka ule, una ukurasa mpya wa kujionyesha. Kwetu ukurasa huo haupo. Daraja lako linatoka humo humo kwenye miaka mitatu, na mwaka wa kwanza unahesabiwa sawa na wa mwisho. Hili ndilo sikuambiwa. Au niliambiwa nikapuuza, sikumbuki vizuri.

HESABU YENYEWE

Shahada ya miaka 3 ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi, ukijumlisha darasa, maabara na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za maisha yako.

Vyuo vingi vinahesabu hivi: alama 70 kwenda juu ni A, pointi 5. Kuanzia 60 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2. Chini ya hapo unakula sapu, na ukifaulu sapu mara nyingi hupewi zaidi ya C. Unazidisha pointi kwa krediti za kila kozi, unajumlisha, halafu unagawa kwa jumla ya krediti. Mfano: kozi ya krediti 12 umepata C, ni 24. Ya krediti 6 umepata A, ni 30. Jumla 54, gawa kwa 18, GPA yako 3.0. Vyuo vingine vinatumia desimali ndani ya kila gredi, kwa hiyo soma prospekta ya chuo chako.

Madaraja: 4.4 hadi 5.0 ni la kwanza. 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, ndiyo apa sekondi. 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. 2.0 hadi 2.6 ni paasi. Ukishindwa kabisa unadisko, na deni la Bodi ya Mikopo linabaki pale pale.

KILICHONIKUTA

Mwaka wa kwanza kaka mmoja wa mwaka wa tatu alituambia, "Huu ni wa kuzoea tu, msuli mtapiga mbele." Bumu lilikuwa limeingia, nikamwamini. Maabara ya kemia ilikuwa mchana, tukitoka nawahi daladala kurudi Nzuguni, nikifika ripoti naiweka kando. Ripoti yenyewe kurasa mbili! Mwisho nikapata 14 kati ya 40 za kozi wek, na 33 kati ya 60 za pepa. Jumla 47, C. Nikasema si nimefaulu bwana.

Mwaka ule nilimaliza na 2.6. Wa pili nikakaza, 3.6. Ili nipate 3.5 ya jumla nilihitaji 4.3 mwaka wa mwisho. Nilisoma kama mwehu, na mradi wa utafiti juu. Nikapata 4.1. Jumlisha, gawa kwa tatu: 3.4.

Sasa angalia hapa. Kozi ile ya kemia ilikuwa ya krediti 12. Kama ningeandika zile ripoti nikapata 27 badala ya 14, ningefika 60, yaani B+. Pointi 24 zaidi, mwaka wa kwanza ungekuwa 2.8, na jumla ingekuwa 3.5 kamili. Kozi moja tu, wadau. Na pepa lile lile la 33.

3.4 haijanifungia dunia. Masta kwa kawaida wanataka 2.7 kwenda juu. Lakini ukitaka kubaki chuoni kufundisha kama mkufunzi msaidizi, vyuo vya umma vinataka 3.8, na matangazo mengi ya ufadhili yanaanzia apa sekondi. Nayasoma, nafika kwenye mstari huo, nayafunga.

FANYA HIVI

Siku ya kwanza andika krediti za kila kozi ukutani geto. Ripoti ya maabara iandike usiku ule ule kabla hujasahau. Kagua alama zako za kozi wek zikibandikwa, zikikosewa lalamika mapema. Na kila semista piga GPA yako mwenyewe, usingoje transkripti ikushtue.

Mdogo wangu ameshaisoma hii kabla sijaiweka. Akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo kemia ni krediti ngapi?" Nikaona ameelewa.

Naomba kuwasilisha.