Dalali wa Mbuzi Nizwa

Wengi wetu tulioondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, tukaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970, tulipata kazi za kalamu. Nchi ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi, na kila wizara mpya ilikuwa inatafuta mtu anayejua Kiingereza na mashine ya chapa. Wenzangu walibaki Maskati, huyu bandarini, yule jeshini, yule kwenye kampuni ya mafuta. Mimi sikuwa na cheti. Nilikuwa na ami yangu Nizwa, na ami alikuwa dalali wa mbuzi.

Nizwa iko bara, chini ya Jabal Akhdar, pale mabonde mawili yanapokutana. Watu wa mlimani huteremka na makomamanga na mbuzi wa manyoya marefu, Mabedui wa upande wa mji wa Adam huja kutoka jangwani, na Ijumaa asubuhi wote hukutana karibu na ile ngome kubwa ya mviringo. Aliyeijenga ni Imamu Sultan bin Seif, ambaye jeshi lake liliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe Seif bin Sultan ndiye aliyeiteka Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Yaani mtu wa pwani akifika pale hayuko ugenini sana, ingawa kwangu ilichukua muda kuamini hivyo. Nilikuwa najua Kiarabu cha kusalia tu. Ami alinifundisha namba kabla ya salamu, kwa sababu dalali anaweza kuishi bila ya kuulizia hali za watu, lakini asiyejua kutaja thelathini na tano na nusu hana kazi.

Soko lenyewe ni duara. Katikati pana jukwaa, nje pana ukingo, na baina yake ndiyo njia anayopita dalali na mnyama. Wanunuzi nusu hukaa ndani, nusu nje, wanatazamana, na dalali anazunguka katikati yao akinadi, kamba mkono mmoja, pengine vitoto viwili vya mbuzi kwapani. Anayempenda mnyama haombi ruhusa. Hunyoosha mkono akamdaka mguu, na dalali lazima asimame.

Hapo ndipo utamjua mnunuzi. Kidole gumba kinafunua mdomo wa chini, maana juu mbele mbuzi hana meno. Akiwa ameshang'oa yale mawili ya katikati ya utotoni na kuota makubwa, ujue amepita mwaka, na kwa anayetaka mnyama wa kuchinja Idi hilo ni jambo la sharia, si la ladha. Kisha mkono unapita kwenye uti wa mgongo mpaka kiunoni kutafuta nyama iliyofunika mfupa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kibedui, barakoa yake ya rangi ya nili, ambaye hakununua jike bila kumkamua matone mawili kiganjani. Aliyapeleka kwenye mwanga, akayasugua kwa kidole kuona kama yana vibonge. Yakiwa na vibonge, kiwele kina ugonjwa. Hakusema neno, alifuta kiganja kwenye mgongo wa mbuzi akamwachia, na bei ilishuka papo hapo kwa sababu duara zima lilikuwa linamtazama yeye.

Utotoni nilikuwa nikitumwa Marikiti ya Darajani kununua samaki, na mnada niliokuwa nikiujua ni ule. Samaki lazima auzwe. Jua likipanda bei inashuka, na mvuvi hana la kufanya. Nizwa nilistaajabu kuona bei imefika mahali, watu wamenyamaza, hakuna anayeongeza hata nusu riali, na bado mbuzi hajauzwa. Dalali humwendea mwenye mali, aliyechutama ukingoni, akamtajia iliyofikia. Akikubali, fedha zinahesabiwa. Akitikisa kichwa, mbuzi anapakiwa tena na kurudi alikotoka, na hakuna anayemlaumu mtu.

Kwa dalali hiyo ni hasara tupu. Ujira wake unatoka kwa mnyama aliyeuzwa. Aliyezungushwa mara sita kisha akarudi kwao hampi kitu ila maumivu ya miguu. Ndiyo maana wako madalali waliokuwa wakimwinamia mwenye mbuzi na kumtia hofu: soko limelala, Ijumaa ijayo itakuwa mbaya zaidi, chukua. Ami alikataza. Unataja bei, unamwonyesha aliyeitoa, unanyamaza. Alikataza pia kuficha aibu ya mnyama. Anayekohoa husemwa anakohoa, kwa sababu mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana haki ya kumrudisha, na atamrudisha mbele ya watu.

Wazee wa wakati ule walikuwa bado wanahesabu kwa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mtawala mwanamke wa Austria na tarehe ya 1780, ndugu ya reale za mababu zetu Unguja. Riali za karatasi zilikuwa mpya. Nilipata kumwona mzee wa mlimani akizipokea noti moja moja, kila moja akiipiga ukucha kama anayetarajia ilie.

Kulikuwa na mchezo wa Waunguja ambao ami hakuupenda. Tulikuwa wachache sokoni, na wenzangu wawili walizoea kusemezana Kiswahili mbele ya muuzaji: ngoja kidogo, huyu atashuka, ana safari ndefu. Asubuhi moja mzee mwenye kilemba kilichopauka, mikono imepasuka kwa kamba, aliwasikiliza mpaka mwisho kisha akawajibu, “Sishuki, wanangu. Na safari yangu si ndefu, gari liko pale.” Alikuwa amekaa miaka na duka Tabora. Tangu siku hiyo mbuzi wa mzee yule waliwapita wenzangu bila wao hata kugusa kamba.

Siku za mwisho kabla ya Idi ndizo kazi hasa. Masoko hayo huitwa habta, hufanyika miji mingi ya bara, na watu huja na watoto wamevishwa vizuri kama vile Idi imeshafika. Shuwa, nyama ya Idi ya kuokwa, lazima iingie shimoni, kwa hiyo hakuna anayetaka kurudi mikono mitupu. Baada ya mbuzi huingizwa ng'ombe, na hapo watu wa mbele husogea nyuma bila kuambiwa, maana fahali aliyekata kamba hajui nani amevaa kanzu mpya. Siku hiyo ikiwa Ijumaa, yote hayo yamalizike kabla ya sala.

Siku hizi ukingoni wamesimama watalii na kamera, na nimewasikia wakiambiwa kwamba haya ni maonyesho ya kale. Si maonyesho. Mbuzi dume wa Jabali anapita riali mia bila mtu kushangaa, na anayezitoa anataka kitoweo, hataki historia. Lililobadilika ni jingine. Wachungaji wengi ni vijana wa Bangladesh, na kondoo wa vichwa vyeusi wa Kisomali wanaokuja kwa meli wanauzwa rahisi kuliko wa hapa. Vijana wengine hupatana kwa simu, picha imetumwa usiku, na Ijumaa wanakuja kuchukua tu. Sipendi. Pale duarani bei husikiwa na watu mia mbili, na aliyeonewa ana mashahidi. Ya simuni inajulikana na wawili, na mara nyingi ni mmoja tu kati yao anayejua bei halisi ya soko.

Magoti yamenikataza kuzunguka. Nakaa jukwaani na wanunuzi, na akija mtu anayetafuta mbuzi wa akika bila kujua kumtazama, namfunulia mdomo wa mnyama nimwonyeshe. Mjukuu wangu, mtu wa benki Maskati, hunipigia kuniuliza bei ya leo. Namwambia aje mwenyewe aisikie.