Mawe yaliyoelea mpaka Unguja

Unguja hatuna volkano. Ukitoka Amani ukaingia Mji Mkongwe, kuta utakazozikuta ni za matumbawe na chokaa, yaani mabaki ya viumbe vya baharini. Jiwe la aina hiyo ukilitupa majini linazama. Basi Julai 1884, wanafunzi wa shule ya misheni hapa kisiwani waliokota ufukweni mawe yanayoelea, wakayafanya mchezo. Aliyewasimamia aliandika kuwa hajawahi kuyaona mawe kama yale pwani hii.

Yalitoka Krakatau, kati ya Java na Sumatra, kilomita kama 7,300 mashariki yetu, karibu latitudo ileile ya nyuzi 6 kusini.

Huko, bamba lililo chini ya Bahari ya Hindi linazama chini ya bamba jingine, na linashuka na maji yake. Maji hayo yakiingia kwenye mwamba wa moto kule chini, mwamba unayeyuka kwa joto ambalo peke yake lisingetosha. Ujiuji huo, magma, ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo unapanda. Magma ya Krakatau ilikuwa nzito, imenasa gesi. Inapokaribia juu mgandamizo unapungua, gesi inafumka yote kwa pamoja, kama soda uliyoitikisa kisha ukaifungua. Povu likiganda kabla halijatulia, ndiyo lile jiwe la matundu tunalosugulia visigino. Hewa iliyomo ndiyo inayolieleza.

Mlipuko mkubwa ulikuwa tarehe 27 Agosti 1883, mwaka Sayyid Barghash alipomaliza Beit al-Ajaib. Ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, kilomita 4,800. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi. Mawe yakachukuliwa na mkondo kuja magharibi, miezi 11 njiani: kama kilomita 22 kwa siku, mwendo wa mtu wa miguu asiye na haraka.

Lakini taarifa ileile inataja kitu kingine. Pale maji yanapoishia kujaa, palitapakaa mafuvu na mifupa ya watu, safi, bila nyama.

Ni ya nani? Tusikimbilie jibu. Pwani hii ilikuwa na maiti wake: soko la watumwa lilifungwa 1873, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana mjini. Ila mifupa haielei yenyewe miezi 11. Inahitaji kubebwa, na mawe yale yalitanda baharini kama mikeka. Kuonekana pamoja, msimu mmoja, ufukwe mmoja, kunanifanya niegemee upande wa Krakatau. Kwa mawe sina shaka. Kwa mifupa, naegemea tu.