Kamongo na Ubishi wa Ukoo Wake

Salamanda, yaani amfibia mwenye mkia na miguu mifupi, ambaye baadhi ya aina zake huishi majini maisha yao yote, hapatikani kwa asili popote Afrika kusini ya Sahara, na kwa hiyo mito ya Simiyu na Duma haina habari zake. Anayemkaribia zaidi katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, ni kamongo, samaki mwenye mapafu, anayeishi Ziwa Viktoria na vinamasi vyake vya mafunjo, ziwa ambalo Ghuba yake ya Speke inapakana na wilaya ya Busega.

Ukaribu huo uliwahi kuwatatiza wataalamu. Mwaka 1837 Leopold Fitzinger wa Vienna alimpa jina Lepidosiren ndugu wa kamongo aliyetoka Brazili, akamhesabu kuwa reptilia, kundi ambalo wakati ule lilijumuisha pia amfibia. Mwaka 1839 Richard Owen wa Uingereza, baada ya kumpasua kamongo wa Mto Gambia, aliamua kuwa ni samaki, kwa hoja kwamba matundu ya pua yake hayatokezi kinywani; mwaka uliofuata Theodor Bischoff wa Ujerumani alionyesha kwamba matundu ya Lepidosiren hutokeza kinywani, naye akamweka upande wa amfibia. Ajabu ni kwamba Bischoff ndiye aliyeona sawasawa, lakini Owen ndiye aliyepata jibu. Kamongo wa maziwa yetu, Protopterus aethiopicus, alipewa jina hilo mwaka 1851 na Johann Jakob Heckel.

Kosa la kumhesabu kamongo kuwa amfibia lina udhuru wake, kwani mtoto wa kamongo, anayelindwa na baba yake katika kiota ndani ya kinamasi, huwa na matamvua yanayochomoza nje nyuma ya kichwa mithili ya manyoya, kama yalivyo ya mtoto wa salamanda. Akikua hutegemea mapafu, hata akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa hufa maji ingawa ni samaki. Homer Smith, mwanafiziolojia wa Marekani aliyemchunguza Afrika Mashariki mwaka 1928 na kuchapisha kitabu kiitwacho Kamongo mwaka 1932, alieleza jinsi anavyoweza kuhimili ukame akiwa amejifukia topeni, akila misuli yake mwenyewe na kulimbikiza mwilini urea, taka ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo.

Hata hivyo, ustahimilivu huo haumkingi dhidi ya ndoano inayomnasa dume akiwa kiotani, wala dhidi ya mafunjo kufyekwa ili kupata mashamba, mambo mawili yaliyotajwa na watafiti kuwa miongoni mwa sababu za kupungua kwake katika maji ya Tanzania. Kuhusu ukoo wake, ulinganisho wa vinasaba umeonyesha kuwa kamongo ni samaki kweli, ila yu karibu zaidi na chura, salamanda na binadamu kuliko alivyo na sangara au sato anaovuliwa nao.