Lweba: mbwa wa kulinda kuku anafundishwa tangu utoto

Katika parsele nyingi za Lweba, kandokando ya ziwa Tanganyika, kuku wanachukuliwa na mwewe mchana, na usiku na paka wa porini ama wezi. Mbwa anasaidia, lakini siyo mbwa yeyote. Yule wa kuwinda aachwe: amezoea kukimbiza kila kinachokimbia. Bora mtoto wa mbwa ambaye mama yake anaishi kati ya kuku bila kuwagusa. Achukuliwe akifikisha wiki 8, alale karibu na banda.

Muda mgumu ni kati ya miezi 4 na mwaka 1. Hapo anakimbiza kuku kwa mchezo tu, na mchezo huo unaua. Akiwa kati ya kuku afungwe kamba, akatazwe papo hapo. Kumpiga saa moja baadaye hakumfundishi kitu. Asitupiwe kuku aliyekufa wala mayai mabichi. Apewe ugali na ndagala, ashibe, sababu mbwa mwenye njaa ndiye anayeiba mayai.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza akiwa na miezi 3, kisha inarudiwa kwa wakati. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile: dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Na banda lifungwe kila jioni hata mbwa akiwepo. Nyoka anapita mahali mbwa hafiki.