Carey Francis: Mwalimu wa hesabu aliyelea viongozi uwanjani na darasani

KENYA ilipojipatia uhuru Desemba 12, 1963, Jaramogi Oginga Odinga na Julius Kiano walikuwa mawaziri wa Jomo Kenyatta, na Ronald Ngala aliongoza upinzani bungeni. Pamoja na tofauti zao za kisiasa, wote watatu walikuwa wamepitia mikononi mwa mwalimu mmoja, Mwingereza mseja aliyezoea kuvaa kaptura ya kaki: Edward Carey Francis.

Francis alizaliwa London mwaka 1897, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria. Alisoma katika Shule ya William Ellis, akatumikia jeshi katika kikosi cha mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapo aling'ara katika hisabati na kupata nafasi ya kufundisha katika Chuo cha Peterhouse.

Enzi alizozaliwa zilikuwa za soka ya ridhaa. Klabu ya Corinthian, iliyoanzishwa mwaka 1882, ilikusanya wachezaji wasomi waliocheza bila malipo, wakiamini kuwa heshima ya mchezo ni kubwa kuliko ushindi. Wengi wao waliishia kuwa walimu. G. O. Smith, mshambuliaji na nahodha wa England, alianza mwaka 1902 kuongoza shule ya Ludgrove akishirikiana na mchezaji mwenzake, William Oakley. Kwa watu wa kizazi hicho, uwanja ulikuwa darasa la pili: hapo kijana alijifunza kutii, kushirikiana na kukubali kushindwa.

Imani hiyo ndiyo aliyokuja nayo Francis mwaka 1928, alipoacha kazi yake Cambridge na kuja Kenya chini ya shirika la kimisionari la CMS. Alikabidhiwa shule ya Maseno, huko Nyanza, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1906. Alifundisha hesabu, akasimamia nidhamu kwa mkono wa chuma, na jioni alikuwa pamoja na wanafunzi uwanjani. Aliandika pia vitabu vya hesabu vilivyotumika katika shule nyingi za Afrika.

Mwaka 1940 alihamishiwa Shule ya Alliance, Kikuyu, karibu na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti. Kwa miaka 22 aliyoiongoza, shule hiyo ilijipatia sifa ya kuwa juu katika mitihani ya Cambridge. Vijana wa makabila mbalimbali waliishi bweni moja na kucheza timu moja, jambo lililokuwa adimu katika nchi iliyogawanywa na ukoloni.

Hata hivyo, si kila mwanafunzi aliyemsifu bila kinyongo. Odinga, aliyekuwa mwanafunzi na baadaye mwalimu Maseno, alieleza mivutano yao katika kitabu chake cha mwaka 1967, Not Yet Uhuru. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, naye aliikumbuka shule hiyo kama ngome ya utulivu, wakati kijijini kwao watu wakiishi chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Katika vita hivyo, Francis alipinga viapo vya Mau Mau, lakini alishutumu pia ukatili wa vikosi vya usalama vya serikali ya kikoloni. Alibaki mtu wa katikati: aliamini katika uwezo wa Mwafrika darasani, lakini hakuwa na haraka ya kumwona akijitawala.

Alipostaafu mwaka 1962, wengi walitarajia arudi kwao. Badala yake alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi. Alifanya kazi hiyo hadi alipofariki dunia Julai 1966.

Swali aliloacha bado linajadiliwa: je, alijenga watumishi wa dola la kikoloni, au wale walioliondoa? Yaelekea jibu ni yote mawili. Nidhamu aliyoidai kwa ajili ya utii, baadhi ya vijana wake waliitumia kudai nchi yao.