Uteuzi wa Cherehani Kuukuu katika Fizi na Baraka: Mtazamo wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Waandishi wa historia ya Afrika ya Mashariki na ya Kati wameshughulika na nguo kuliko chombo kinachoishona. Merikani na kaniki zimepewa kurasa nyingi kwa kuwa zilikuwa fedha ya misafara. Kanga na vitenge vimechunguzwa kwa sababu ya misemo na michoro yake. Cherehani, ambayo ndiyo huigeuza nguo kuwa vazi, na vazi kuwa riziki, imetajwa kwa nadra.

Makala haya yanaitazama cherehani katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, na hasa katika mji wa Baraka ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Swali linaloulizwa ni hili: mtu mwenye fedha kidogo ateue cherehani ya namna gani? Hoja inayotetewa ni kwamba unafuu haumo katika bei ya siku ya kununua. Umo katika mambo matatu ambayo historia ya eneo hili imeyadhihirisha: vipuri kupatikana, chombo kufanya kazi bila umeme na kuhamishika, na mali yenyewe kuwa ya halali.

2.0 Njia ya Cherehani hadi Ziwani

Nguo ilitangulia cherehani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta shanga na vitambaa vikitumika kama fedha. Mwaka huohuo walivuka kwa mitumbwi hadi Ubwari, ambayo Burton aliidhani kuwa kisiwa. Kwa hakika Ubwari ni rasi, nayo ndiyo inayoikinga ghuba ya Baraka.

Wakati huo cherehani ilikuwa chombo kipya hata huko ilikozaliwa. Elias Howe alipata hati ya uvumbuzi wake Marekani mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer akapata yake mwaka 1851. Bei ilikuwa kubwa mno kwa watu wa kawaida, kiasi kwamba kuanzia mwaka 1856 kampuni ya Singer iliamua kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Swali la unafuu, basi, lilizaliwa pamoja na chombo chenyewe.

Jina la chombo hiki nalo lina historia. Neno cherehani huhusishwa na neno la Kiajemi charkh, yaani gurudumu. Ni ushahidi kwamba mwambao ulikipokea kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Katika Kiswahili cha Kongo husikika zaidi mashini ya kushona, jina lililotokana na lugha ya utawala wa Wabelgiji. Msemaji wa Baraka huyaelewa yote mawili, kwa kuwa mji wake umekabili pande zote mbili: bara kwa utawala, ziwa kwa biashara.

Chuma kizito kilihitaji njia nyepesi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mapatano ya mwaka 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji haki ya kupitisha mizigo yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Mzigo ambao zamani ungemwelemea mpagazi kwa miezi sasa uliweza kufika ziwani kwa gari moshi, kisha ng'ambo kwa chombo cha majini. Katika Kongo ya Wabelgiji misheni na vituo vya kijamii viliwafunza wanawake kushona, na baadaye ukataji na ushonaji ukawa mkondo wa masomo ya sekondari. Kazi iliyokuwa ya fundi wa kiume wa barazani ikawa pia kazi ya mwanamke aliyesoma.

3.0 Muundo Mmoja, Majina Mengi

Jambo lililomfaa zaidi fundi maskini halikutokea ziwani. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Singer ilianza kutengeneza aina iliyokuja kujulikana kama namba 15. Baada ya mwaka 1945 viwanda vya Japani viliiga muundo huo, na vya China vikafuata. Cherehani za Butterfly kutoka Shanghai, zilizoenea sana Afrika ya Mashariki, ni watoto wa ukoo huohuo. Jina lililopakwa shingoni ni jingine, lakini mifupa ni ile ile.

Njia ya bidhaa za Kichina nayo ilipita jirani. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China katika Tanzania na Zambia; hivyo bidhaa hizo zikazoeleka madukani. Upande wa Zaire mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Maduka mengi yalikabidhiwa watu wasio na uzoefu wala mtaji, na bidhaa zilipokwisha hazikujazwa tena. Katika hali kama hiyo cherehani yenye kipuri cha pekee hugeuka kuwa pambo la nyumba, bali ile ya muundo wa wengi huponea kwa kipuri cha jirani.

Maana ya jambo hili kwa mnunuzi ni wazi. Bobini, kijumba chake na sindano ya cherehani ya namba 15 iliyotengenezwa Uskoti zamani huweza kubadilishana na vile vya mwigo mpya wa Kichina. Sivyo ilivyo kwa Singer za namba 27 na 28, ambazo uzi wake wa chini huzungushwa juu ya bobini ndefu na nyembamba, ndani ya kijumba chenye umbo la risasi. Cherehani hizo hushona vizuri na hudumu sana, lakini bobini moja ikipotea, kazi husimama.

4.0 Vita na Kuhama

Fizi imepitiwa na vita mara nyingi: maasi ya Simba ya 1964, vita vya 1996, na vile vya 1998. Mwaka 1996 maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu mwaka huohuo. Kuanzia Oktoba 2005 wakimbizi walianza kurejeshwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka.

Mkimbizi huchagua kwa mizani ya mabega yake. Kichwa cha cherehani ya chuma kina uzito wa zaidi ya kilo 10. Meza na kanyagio lake huuzidisha mara kadhaa. Lakini kichwa hufunguliwa mezani, na kikitiwa gurudumu lenye mpini huendeshwa kwa mkono popote penye kivuli. Mwenye kuokoa kichwa ameokoa kazi. Meza seremala yeyote ataichonga. Ndiyo sababu cherehani inayoweza kutumika kwa mguu na kwa mkono ina thamani kuliko ile inayotegemea mota, hasa katika wilaya ambayo sehemu yake kubwa haina nyaya za umeme.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

Historia hiyo inatoa vigezo vinavyoweza kupimwa sokoni.

Kwanza, umri mkubwa si kasoro. Cherehani za chuma tupu za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi huzishinda zile za majumbani zilizofuata, ambazo baadhi ya meno yake ya ndani ni ya plastiki na hupasuka. Kwa Singer, namba iliyochongwa mwilini, yenye herufi mbele tangu mwaka 1900, hueleza kiwanda na wakati wa kutengenezwa. Rangi mpya haielezi lolote.

Pili, gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono. Likikwama mahali pamoja kila duru, huenda kuna kutu au kitu kilichopinda. Ugumu wa mzunguko mzima aghalabu ni mafuta yaliyoganda, nao hutibika kwa mafuta mapya. Fimbo ya sindano ikichezacheza kando, uchakavu umeingia ndani.

Tatu, ishonwe nguo ya kazi. Kikwembe kikunjwe mara mbili, kisha mara nne, na mshono utazamwe pande zote mbili. Mwuzaji anayeonyesha kwa kitambaa chake chepesi hajaonyesha kitu.

Nne, mnunuzi aondoe bobini na kijumba chake na kuvilinganisha na vile vinavyouzwa sokoni siku hiyo, kabla ya kutaja bei.

Tano, aulize ilikotoka. Uporaji ulikuwa sehemu ya vita, na cherehani hutambulika kwa mwenyewe: kovu la mezani, ufa uliozibwa, namba aliyoikariri. Bei ya chini mno huweza kuwa hasara ya jirani ambaye bado yu kambini, naye siku ya kurejea hupita njia hiyohiyo na kuitambua. Mauziano mbele ya mashahidi wanaomjua mwuzaji humlinda mnunuzi na humlinda aliyeporwa.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba cherehani nafuu katika Fizi na Baraka ni ile ambayo wengine pia wanayo. Muundo ulioenea kwa kuigwa, chuma kinachoendeshwa kwa mkono au mguu, na asili inayojulikana kwa majirani: hayo ndiyo humwezesha mjane, kijana aliyemaliza shule au mkimbizi aliyerejea kuanza kazi kwa mtaji mdogo na kuendelea nayo kipuri cha kwanza kinapovunjika. Wanafunzi wa historia na wa lugha wangefanya vema kukusanya majina ya sehemu za chombo hiki kutoka vinywani mwa mafundi wa pande zote mbili za ziwa, maana katika majina hayo njia za biashara, za shule na za ukimbizi bado zinasikika.